365 Days: mahaba au utekaji? Naomba tuijadili kwa uzito wake

Kipepeo Mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ile filamu ya 365 Days imeanza kuzunguka tena kwenye magrupu, na kila ikitajwa mjadala unaishia palepale: "picha chafu, futeni". Mimi nadhani tunakamata kosa dogo na kuliacha kubwa lipite.

Kwa ambaye hajaiona: Laura ni mkurugenzi wa mauzo kwenye hoteli ya Warszawa. Anakwenda Sisilia kusherehekea siku yake ya kuzaliwa akiwa na mpenzi wake. Huko kuna Massimo, mkuu wa familia ya mafia, ambaye miaka mitano nyuma, siku baba yake alipopigwa risasi, alimwona huyu dada ufukweni na sura yake haikumtoka tena. Sasa kampata. Anamteka, anamfungia kwenye jumba lake, anamwambia ana siku 365 za kumpenda. Anaahidi hatamgusa bila ruhusa, na anaitoa ahadi hiyo huku mikono yake iko mwilini mwa huyo dada.

Hoja yangu ni hii. Uchi ni jambo la kuamua nani aone na nani asione. Ubaya wenyewe uko kwenye namna hadithi inavyomlipa mtekaji. Dada anapewa magauni, ndege binafsi, boti, na kamera inazunguka kwenye vitu hivyo taratibu mpaka mtazamaji anasahau kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Anapokubali kule kwenye boti, ukumbi mzima unashangilia. Mimi nikajiuliza: amekubali akiwa na njia gani nyingine?

Ninyi mnaipimaje? Kwa dini, kwa mila, kwa sheria, au mnasema filamu ni filamu?

---

Mzee wa Buza

Filamu ni filamu mkuu. Kuna sinema watu wanachinjana dakika ya kwanza hadi ya mwisho na sijaona umefungua uzi wa maadili. Hawa Waitaliano wametengeneza burudani ya watu wazima, basi.

---

Kaka Projekta

@Mzee wa Buza si ya Waitaliano. Ni ya Poland. Imetokana na riwaya ya Blanka Lipińska, na waongozaji ni Barbara Białowąs na Tomasz Mandes. Ilianza kwenye majumba ya sinema ya Poland Februari 2020, ikaingia Netflix Juni mwaka huohuo, dunia nzima ikiwa imejifungia ndani kwa ajili ya corona. Mwitaliano ni yule mwigizaji, Michele Morrone. Dada ni Anna-Maria Sieklucka, Mpolandi.

---

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha sekondari, nitasema ninachokutana nacho. Wanafunzi hawaoni filamu nzima. Wanaona vipande kwenye simu, na vipande vinavyosambaa ni vile ambavyo Massimo anamshika Laura shingo au anamsukumia ukutani. Mwanzo haupo, mwisho haupo. Kijana wa kidato cha pili aliniambia bila aibu kwamba "mwanamke akikataa mwanzoni ndiyo inavyotakiwa". Hakulitoa kichwani mwake hilo.

Kwa hiyo @Mzee wa Buza, kwenye filamu ya kuchinjana hakuna mtoto anayetoka akiamini kwamba aliyechinjwa alifurahi. Hapa anatoka akiamini hivyo.

---

Ustadhi wa Mtaa

Assalaam alaykum. Mwanzisha uzi umeandika vizuri lakini umeligawa jambo lisilogawanyika. Unasema uchi ni suala la nani aone. Hapana. Jicho limeamrishwa liinamishwe, mwanamume na mwanamke wote wawili, imo Suratun Nur. Ukishaanza kusema sehemu ya haramu ni ndogo na nyingine ni kubwa, umeshakaa kitako mbele ya televisheni. Kumteka mwanamke ni dhulma, hilo hakuna Muislamu atakayebishana nalo. Lakini mlango uliofunguliwa kwanza ni ule wa kutazama.

---

Kipepeo Mweusi

Waalaykum salaam Ustadhi. Nakuelewa. Ila nikuulize: filamu hiyohiyo ikikatwa sehemu zote za kitandani, akabaki mtekaji, mateka na magauni, ikaoneshwa saa mbili usiku familia nzima imekaa, je imekuwa safi? Maana kukata ndiko ambako bodi zetu za filamu zinakujua zaidi.

---

Ustadhi wa Mtaa

Haiwi safi. Lakini na wewe usiihalalishe iliyobaki.

---

Nakuru Moja

Huku Kenya KFCB, bodi yetu ya filamu, waliipiga marufuku, kwa hiyo angalau kwetu serikali ilifanya kazi yake.

---

Kaka Projekta

@Nakuru Moja hapo umechanganya. KFCB walichopiga marufuku ni filamu nyingine, Fifty Shades of Grey, Februari 2015, ilipokuwa inaingia kwenye majumba ya sinema. Malaysia nao waliikataa. Na angalia dunia inavyopima: filamu hiyo moja Uingereza ilipewa 18, Marekani ikapewa R, yaani wa chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima, na Ufaransa wakasema mwenye miaka 12 aingie tu. Sasa niambie maadili ya "Wazungu" ni yapi hapo.

---

Nakuru Moja

Sawa, ni hiyo nilikuwa nawaza. Lakini point inabaki. Marufuku ya ukumbi wa sinema inasaidia nini wakati Netflix imo kwa simu tangu Januari 2016? Hao hao KFCB walipiga kelele Netflix ilipoingia, na hakuna kilichofungwa.

---

Binti wa Kizimkazi

Hodi wenyewe. Ustadhi nakuheshimu, na mimi nitazungumza kwa heshima hiyohiyo.

Tunasema "mila zetu haziongei mambo haya". Mila zipi? Mimi ni wa Unguja. Mwari akifikia, alikuwa anakabidhiwa somo, na somo hafichi kitu. Kuna ngoma, kuna nyimbo, kuna viuno, kuna mafunzo ya mwili wa mume na mwili wako mwenyewe. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 na dunia nzima ikamlilia kwa taarab, huku kwetu alijulikana vilevile kwa unyago. Nyimbo za unyago ukiziweka kwenye karatasi, 365 Days inaonekana ya watoto.

Tofauti ni sitara. Mambo hayo yalikuwa na mahali pake, wakati wake na mtu wake wa kuyasema. Mwanamume hakanyagi. Mtoto hakanyagi. Na anayefundishwa anafundishwa na mwanamke aliyemzidi umri, atakayemuuliza kesho na keshokutwa mambo yanakwendaje. Filamu haina somo. Inamfikia binti akiwa peke yake chumbani, inamuonesha mwili bila mtu wa kumwambia hapa sahihi, hapa unaonewa.

Kwa hiyo mimi kipimo changu si uchi, na wala si utekaji peke yake. Nauliza anayemfundisha binti yetu sasa hivi ni nani.

---

Mama Watatu

@Binti wa Kizimkazi 👏👏 Asante. Umesema vizuri mno.

---

Hidaya M

Binti wa Kizimkazi umenigusa ila nina mashaka. Somo alifundisha mwili, ndiyo. Lakini alifundisha pia kumridhisha mume. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, kwenye utendi aliomwandikia binti yake mwaka 1858 hivi, anamwelekeza namna ya kujipamba, kujitia manukato, kumpepea mume akilala asimwamshe. Ni utendi mzuri sana, na upendo wa mama umo. Lakini ndani yake pepo ya mke imefungwa kwenye radhi za mume. Nani alimuuliza mke radhi zake? Tusijifanye kwamba suala la ridhaa tulikuwa tumelimaliza ndipo Mpolandi akaja kutuharibia.

---

Binti wa Kizimkazi

@Hidaya M Mwana Kupona alikuwa mgonjwa anamuusia mwanawe wa kike jinsi ya kuishi salama katika dunia aliyoijua. Usimpime kwa kipimo cha leo tu. Na unyago si utendi ule. Kwenye unyago mwanamke anafundishwa kudai haki yake ya kitandani pia. Muulize yeyote aliyechezwa.

---

Mbongo wa Palermo

Wakuu nimekuwa nasoma kimya tangu mwanzo, ila hapa lazima niingie, maana niko Sisilia miaka mingi na hakuna aliyegusa jambo linaloniudhi kuliko yote katika hiyo filamu.

Mnajua kwa nini wenyeji wa huku wenye umri mkubwa hawacheki wakiiona? Kwa sababu hadithi ya mwanamume wa ukoo wa mafia kumteka msichana ili ampende imeshatokea hapa, kwa watu halisi.

Tarehe 26 Desemba 1965, katika mji wa Alcamo, msichana wa miaka 17 anaitwa Franca Viola alitekwa nyumbani kwao na kundi la vijana wenye silaha. Aliyewaongoza ni Filippo Melodia, aliyewahi kuwa mchumba wake, jamaa wa ukoo wa mafia. Mdogo wake wa kiume wa miaka 8 alimng'ang'ania dada yake wakambeba na yeye, baadaye wakamwachia. Franca alizuiliwa siku nane, akabakwa. Mpango ulikuwa unajulikana na kila mtu: mwanamume akishakuchukua, huna tena thamani sokoni, utaolewa naye tu. Na sheria ilikuwa inamsubiri kwa mikono miwili, maana kifungu cha 544 cha kanuni ya adhabu ya Italia kilisema mbakaji akimuoa aliyembaka, kosa linafutika. Waliiita ndoa ya kurekebisha.

Franca akakataa. Baba yake, Bernardo, mkulima tu, akasimama naye. Wakachomewa shamba la mizabibu, wakatishiwa, majirani wakawakwepa. Wakaenda mahakamani hivyohivyo. Mwaka 1966 mahakama ya Trapani ikamfunga Melodia miaka 11. Mwaka 1968 Franca akaolewa na kijana aliyempenda mwenyewe, Giuseppe Ruisi, na rais wa Italia akawatumia zawadi. Kifungu chenyewe kilikuja kufutwa 1981.

Sasa anakuja mtu kutoka Warszawa, anachukua kisiwa hikihiki, mafia hawahawa, msichana anatekwa vilevile, na safari hii anampenda mtekaji na kuvaa shela kwa ajili yake. Kila nilipoona bahari ile nzuri kwenye filamu niliwaza familia ya Viola na shamba lao linaloungua.

---

Kipepeo Mweusi

@Mbongo wa Palermo nimesoma mara mbili. Asante sana mkuu. Hili nilikuwa silijui na limenipa nguvu ya hoja ambayo sikuwa nayo.

---

Mzee wa Buza

Hiyo ya Franca Viola inauma, sikatai. Lakini mwandishi wa riwaya ni Mpolandi, hana deni na Sisilia. Mnamtaka kila mtunzi asome historia ya kila kisiwa kabla ya kuandika mahaba?

---

Mbongo wa Palermo

Ndiyo, namtaka. Akichukua kisiwa kwa sababu ya uzuri wake na mafia kwa sababu ya utisho wao, achukue na waliouawa na walioibiwa maisha.

---

Jalada Jeupe

Nitie la kisheria kidogo. Kufutwa kwa 544 mwaka 1981 hakukumaliza kazi. Mpaka 1996 Italia ilikuwa bado inauhesabu ubakaji kama kosa dhidi ya maadili ya umma, si dhidi ya mtu. Hilo ndilo linalonivutia katika uzi huu. Ustadhi na wale wa "picha chafu" wanalalamikia maadili ya umma, mwanzisha uzi analalamika kwa niaba ya Laura. Waitaliano waligombana hivyohivyo kwa miaka mingi.

Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu iko wazi: kumchukua au kumzuia mwanamke wa umri wowote bila hiari yake kwa nia ya kumuoa au kulala naye ni jinai. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa baadaye akimpenda". Ahadi ya Massimo ya kutomgusa haimsaidii hata kidogo. Kosa limekamilika pale alipofunga mlango.

---

Nyanda wa Kahama

Wakati tunailaumu Poland, tuseme na ya kwetu. Usukumani kuna chagulaga. Binti akitoka gulioni au ngomani, vijana wanamfuata kundi zima, wanamzunguka, "chagulaga", achague mmoja. Wazee wanaitetea kwamba binti ndiye anayechagua, na kweli neno la mwisho linatoka mdomoni mwake. Lakini nimekulia huko. Nimeona binti amezungukwa jua linazama, anachagua mmoja ili wengine waondoke. Massimo na siku zake 365 si mgeni kwangu. Ila yeye ana boti, wale walikuwa na fimbo.

---

Gamboshi

@Nyanda wa Kahama usiichafue mila kwa vijana waliokosa adabu. Chagulaga yenyewe ilikuwa na taratibu zake, binti alikuwa na haki ya kukataa wote na aliyemlazimisha alikuwa anatozwa. Unachokisema wewe ni uhuni uliojivika jina.

---

Nyanda wa Kahama

Alikuwa anatozwa ng'ombe, na ng'ombe wanakwenda kwa baba. Binti anapata nini?

---

Mama Watatu

Shangazi yangu alitoroshwa hivyo miaka ya sabini. Alipigiwa vigelegele akiwa analia. Amezaa watoto saba na yule mume, amemuuguza mpaka kufa, na ukimuuliza leo anakwambia "nilimpenda baadaye". Mimi sijui nimwambie nini. Nikisema hakuwa na upendo nimemtukana, amelala naye nyumba moja maisha yake yote. Nikisema ulikuwa upendo nimembariki aliyemnyakua. Nimeiona hiyo filamu na mabinti zangu wakubwa na nilikuwa namuwaza yeye.

---

Sayari ya Sita

@Mama Watatu hiyo inaitwa Stockholm syndrome. Mateka anampenda mtekaji. Imethibitishwa kisayansi, kwa hiyo Laura anaelezeka.

---

Hidaya M

Dada, taratibu na "imethibitishwa". Jina hilo lilitokana na uporaji wa benki Stockholm, Agosti 1973. Mateka walikuwa wanne, wakashikiliwa siku sita. Mtaalamu wa akili aliyekuwa akiwashauri polisi, Nils Bejerot, ndiye aliyelianzisha. Mmoja wa mateka, Kristin Enmark, alisema miaka yote kwamba aliwaogopa polisi kuliko majambazi na alikuwa anafanya alichoweza ili asife. Na hali hiyo haimo kabisa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wanaoutumia madaktari wa Marekani. Shangazi wa Mama Watatu si mgonjwa. Alikuwa anaishi.

---

Wema wa Moshono

Naomba niseme jambo ambalo wanawake tunaliogopa humu. Tumewatupia lawama wote ila hakuna aliyeuliza kwa nini wanawake ndio walioipenda zaidi. Mimi niliipenda. Nimesoma hadithi ya Franca Viola hapo juu nikalia, na bado niliipenda.

Nadhani sababu ni hii. Kwetu msichana akisema "nataka" ameshapewa jina baya kabla hajamaliza sentensi. Akikubali haraka ni rahisi, akimtaka mwanamume waziwazi ni malaya. Filamu hii inampa mwanamke mahali ambapo anaweza kutamaniwa kupita kiasi na kufika kitandani bila yeye kuwa ndiye aliyetaka. Hakuchagua, kwa hiyo hana hatia. Sisemi ni sawa. Nasema kiu hiyo imetoka kwenye malezi yetu, hawakutuletea Netflix.

---

Mwalimu wa Zamu

@Wema wa Moshono nimesoma uzi mzima na hili ndilo limenikalisha chini. Tunamfundisha binti kukataa tu. Hatujamfundisha kukubali.

---

Ustadhi wa Mtaa

Dini imemfundisha. Binti anaulizwa, na pasipo idhini yake ndoa haisimami. Yule msichana aliyemwendea Mtume akalalamika kwamba baba yake amemuozesha bila ridhaa yake, alipewa hiari. Mkiacha mafundisho mnasema hayapo.

---

Hidaya M

Ustadhi hapo nakupa haki yako. Hebu liseme hilo msikitini kwa sauti hiyohiyo kwa akina baba.

---

Nakuru Moja

Mimi naona tunazunguka. Ni pesa. Huku wasichana wanasema wanatafuta sponsa, huko kwenu mnasema danga. Massimo ni sponsa mwenye bunduki. Ile sehemu ya kununua nguo dukani ni ndefu kuliko mazungumzo yao yote ya maana.

---

Wema wa Moshono

Si kweli kwamba ni pesa tu. Nimewahi kuwa na mwanamume mwenye pesa aliyekuwa ananichagulia nguo, marafiki na saa ya kurudi nyumbani. Kwenye filamu inaitwa kujaliwa. Kwenye maisha nilikuwa naficha simu bafuni.

---

Nakuru Moja

Pole sana dada. Na si Duffy, yule mwimbaji wa Wales, aliwashtaki Netflix kwa hii filamu?

---

Kaka Projekta

Hakuwashtaki. Aliandika barua ya wazi kwa Reed Hastings, mkuu wa Netflix wakati huo, mwaka 2020. Miezi michache kabla alikuwa ameeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kutekwa, kuleweshwa dawa na kubakwa. Akasema filamu inapamba usafirishaji wa watu kwa ngono, utekaji na ubakaji. Netflix hawakuiondoa, na 2022 wakatoa sehemu mbili nyingine mwaka mmoja.

---

Kitasa

Mimi niliiona kibanda umiza, imewekewa sauti ya Kiswahili. Jamaa anayesimulia alikuwa anamkemea Massimo mwanzoni, "wewe kijana, kwao hawakukufunza?", lakini walipofika kwenye boti akaanza kumpigia debe. Watu wote ukumbini tukabadilika naye. Nimelikumbuka hilo kwa sababu ya huu uzi.

---

Kipepeo Mweusi

@Kitasa hapo umenionesha ilipo nguvu ya filamu kuliko maelezo yangu yote. Mtu aliyekuwa na hukumu sahihi dakika ya ishirini ameipoteza dakika ya sabini na hakujua imeondokaje.

@Wema nimekuelewa, na nadhani wewe na mimi hatupingani kama inavyoonekana. Ila bado sikubali kwamba kiu ikishaelezwa imesameheka. Mtunzi aliiona kiu hiyo akaiuza.

---

Mzee wa Buza

Wote wanauza. Jamani kuna filamu yoyote ya huyo Franca Viola? Hiyo ndiyo ningekaa niitazame.

---

Mbongo wa Palermo

Ipo. La moglie più bella, ya Damiano Damiani, ilitoka 1970, miaka minne tu baada ya kesi. Aliyeigiza msichana ni Ornella Muti, ilikuwa filamu yake ya kwanza.

---

Jalada Jeupe

@Mbongo wa Palermo Ornella Muti si amezaliwa Machi 1955? Kwa hiyo filamu ya kumtetea msichana aliyetekwa na kubakwa imeigizwa na mtoto wa miaka 14 au 15. Hiyo nayo tunaiweka upande gani?